Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Nafasi ya Mtoto Shuleni Isiuzwe Chini ya Meza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: FEDHA ZISIZO NA RISITI KATIKA KUPOKEA WANAFUNZI WA SHULE NA VYUO BINAFSI

Mheshimiwa Waziri,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Dar es Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeijaribu ikashindikana. Nilimwandikia mkuu wa shule husika, hakujibu. Nikapeleka malalamiko kwenye ofisi ya elimu. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na nilipozidi kufuatilia nikaambiwa kwa upole kwamba shule binafsi ina utaratibu wake wa kupokea wanafunzi, kama sijaridhika nimtafutie mtoto shule nyingine. Jina la shule na la ofisi hiyo siyaandiki hapa. Nitayataja mbele ya mchunguzi, na vielelezo ninavyo. Isitoshe, jambo hili si la shule moja, na wazazi wengi wa mijini wanalijua kwa kulipitia: mtoto akitaka kuingia shule inayosifika, mara nyingi kufaulu usaili hakutoshi. Kuna hela nyingine inayotakiwa. Haimo kwenye fomu, haina risiti, na asiyeitoa huambiwa nafasi zimejaa.

Nieleze mapema nisichokilalamikia. Sipingi ada. Mjadala wa ada elekezi, yaani kiwango cha ada ambacho Serikali ilikusudia kuzipangia shule binafsi, ulivuma mwaka 2015 na 2016, ukaisha bila ada hiyo kuwekwa, na sikuja kuufufua. Shule nzuri ina gharama zake: walimu, mabweni, maabara, chakula, usafiri. Mwenye shule apange bei, aiandike, mzazi aamue. Wala sizungumzii hela ya fomu au ya usaili, hata kama wapo wanaoona imezidi, maana hiyo angalau imeandikwa na stakabadhi inatolewa. Ninachokilalamikia ni bei ya pili, ile inayotajwa kwa sauti ya chini baada ya bei ya kwanza kukubaliwa.

Kwetu ilikuwa hivi. Binti yangu alifanya usaili wa kuingia kidato cha kwanza baada ya mtihani wa darasa la saba. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba amefanya vizuri. Matokeo yenyewe hatukuoneshwa, na wazazi tuliokuwa nao siku ile nao hawakuoneshwa. Baadaye tukaambiwa nafasi zimejaa, jina lake limewekwa kwenye orodha ya akiba. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu yangu kutoka kwa mfanyakazi wa shule aliyetuhudumia dirishani siku ya kuchukua fomu: "Mama, imepatikana nafasi moja. Laki saba, tuma kwenye namba hii leo kabla ya saa kumi. Usiandike jina la mtoto." Nikampigia kuuliza kama hiyo ni sehemu ya ada. Akanijibu, "Hapana mama, hii ni nje ya ada. Jiongeze tu." Nikaiingiza ile namba kwenye simu kama mtu anayetaka kutuma, likatokea jina la mtu nisiyemjua. Na pale mezani nilikuwa na fomu ya shule hiyohiyo, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba malipo yote yafanyike benki kwenye akaunti ya shule, na kwamba uongozi hautahusika na fedha atakayopewa mfanyakazi.

Sikutuma. Nafasi nayo haikupatikana tena. Januari, mtoto wa watu ninaowafahamu aliripoti shuleni hapo na sanduku lake, na kwenye usaili ule hakuwahi kukaa. Wazazi wake walinieleza wenyewe walichotoa. Siwalaumu, walikitaka kilekile nilichokitaka mimi. Ninamlaumu aliyewafanya waamini kwamba hakuna njia nyingine.

Mheshimiwa Waziri, naomba sasa nikuwekee hoja zangu moja baada ya nyingine.

1. Hakuna anayeweza kuhakiki kauli ya "nafasi zimejaa".

Hapa ndipo penye mzizi, na ndiyo maana nitakaa hapa zaidi.

Mtoto anayepangiwa sekondari ya Serikali hupangiwa hadharani. TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutoa orodha, shule kwa shule, na mzazi wa Kibondo au wa Nanyumbu anaweza kuifungua kwenye simu akaona mwanawe kapangiwa wapi. Vyuo vikuu navyo, hata vya binafsi, vina Tume ya Vyuo Vikuu juu yao. TCU huchapisha mwongozo wa udahili wenye sifa za kila programu, majina ya waliochaguliwa hupelekwa kwake yahakikiwe, na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja huthibitisha mwenyewe chuo kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa. Ule mfumo wa pamoja wa udahili ulioanza mwaka 2010 uliondolewa, na tangu 2017 waombaji wanapeleka maombi moja kwa moja vyuoni, lakini jicho la Tume halikuondolewa.

Sasa tazama shule ya msingi au sekondari ya binafsi. Mtoto analipiwa usaili, anafanya mtihani, karatasi zinakusanywa, na kuanzia hapo kila kitu kinaingia gizani. Alama hazitolewi. Idadi ya nafasi haitangazwi. Alama ya mwisho ya kuchukuliwa haijulikani. Orodha ya akiba ipo kichwani mwa mtu au kwenye daftari ambalo hakuna mwingine anayeliona. Mwenye daftari akisema nafasi zimejaa, zimejaa. Kesho yake akisema imepatikana moja, imepatikana. Kati ya kauli hizo mbili kuna laki saba, kuna milioni, kuna tani za saruji "za kusaidia ujenzi wa uzio", kutegemea shule na kutegemea mzazi anavyoonekana alivyovaa.

Nasisitiza, Mheshimiwa: rushwa hii haisimami kwa sababu wafanyakazi wa shule ni wabaya kuliko watu wengine. Inasimama kwa sababu orodha haionekani. Siku orodha ikibandikwa ukutani, mtu wa dirishani hatakuwa na cha kuuza.

2. Fedha inapita kwenye simu za watu binafsi.

Karibu kila shule siku hizi ina akaunti ya benki, na nyingi zina namba ya malipo ya simu yenye jina la shule. Ada inalipwa huko bila shida. Bei ya pili haiendi huko kamwe. Inakwenda kwenye namba ya mtu, au kwenye bahasha, au inageuzwa kuwa vigae, kompyuta na madawati yasiyoingizwa kwenye kitabu chochote. Haikatwi kodi. Mmiliki wa shule aliyeko mbali pengine hata haioni, na mmiliki anayeiona anajua namna ya kusema hakuiona.

3. Mlango wa masomo ya maandalizi.

Shule kadhaa huendesha masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza kati ya mtihani wa darasa la saba na Januari. Si vibaya yenyewe. Vibaya ni mzazi kudokezwa kwamba atakayemwandikisha mtoto huko ndiye atakayefikiriwa kwanza, hata kama usaili umepita na alama zimeshajulikana. Yaliyo ya hiari kwenye tangazo yanakuwa ya lazima dirishani.

4. Vyuoni, hasa vya afya, madhara yanafika kwa mgonjwa.

Familia nyingi zinauza shamba au ng'ombe kumpeleka kijana chuo cha afya. Ndiyo maana madalali wamejaa huko. Utawakuta kwenye makundi ya simu wakijiita mawakala wa udahili, wanaahidi nafasi ya uuguzi, ya utabibu, ya famasia, na wanataja kiasi. TCU imekuwa ikiwaonya waombaji wa vyuo vikuu wasitumie mawakala na madalali. Onyo hilo linahitajika zaidi ngazi ya stashahada, kwa vijana wa miaka kumi na minane wanaotoka wilayani wakiwa na simu moja ya familia.

Sifa zenyewe hazina utata. Kwa Stashahada ya Utabibu, mwongozo wa NACTVET, Baraza la Taifa linalosimamia elimu ya ufundi na vyuo vya kati, unataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwenye sifa hizo hahitaji dalali, anahitaji nafasi na jibu la wakati. Anayemhitaji dalali ni yule asiye na sifa, na nafasi inayouzwa kwake imetolewa kwa aliyekuwa nazo. Kisha mambo huenda namna mbili. Ama kijana huyo hunaswa wakati Baraza linahakiki majina, naye anarudi nyumbani baada ya wazazi kulipa ada na ile hela ya pili ambayo hakuna wa kumdai. Ama hanaswi, na siku moja tutampelekea mtoto mwenye degedege.

Kwa mabinti kuna bei nyingine. Wapo wanaoambiwa kwamba nafasi haihitaji fedha. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kinaitaja rushwa ya ngono kwa jina lake. Naomba kisisahaulike kila tunapozungumzia udahili, kana kwamba rushwa vyuoni ni noti tu.

5. Mzazi aliyetoa amefungwa mdomo na sheria ileile inayopaswa kumsaidia.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haikuishia kwa watumishi wa umma. Kifungu chake cha 15 kinamgusa mfanyakazi wa mwajiri yeyote anayepokea manufaa ili afanye au asifanye jambo linalohusu kazi ya mwajiri wake. Kwa hiyo anayesema rushwa ya shule binafsi si rushwa hajaisoma. Lakini kifungu hichohicho kinamtia hatiani na aliyetoa. Mzazi anapiga hesabu: nikienda TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, nitakuwa nimejishitaki, na mtoto wangu yumo mle bwenini, mikononi mwa walewale. Ananyamaza. Mwaka unaofuata anamshauri mdogo wake ni nani wa kumwona.

Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, na ipo namba ya bure ya TAKUKURU, 113. Sijakutana na mzazi aliyeambiwa na mtu yeyote, kwa lugha rahisi, kwamba akitoa taarifa ya hela ya nafasi mtoto wake hatafukuzwa shule. Hilo ndilo swali lao la kwanza na la mwisho.

6. Mwaka 2028 uko mlangoni.

Kwa mageuzi ya mitaala yaliyoanza kutekelezwa 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa mbele yao watamaliza la saba. Mikondo miwili itaingia kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja. Serikali inajua na inajenga madarasa. Je, shule binafsi zinazosifika, zenye mabweni yaleyale na vitanda vilevile, zitapokea nani kati ya waombaji waliojaa maradufu? Kama bei ya pili ipo leo ambapo nafasi ni chache, msimu huo itapanda mara ngapi? Kanuni zikiandikwa sasa zitakuwa zimezoeleka kabla ya msongamano huo. Zikisubiri 2028 zitakuta hela imeshapokelewa.

Mheshimiwa Waziri, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kupewa.

Litatolewa jibu kwamba shule binafsi ni mali ya mtu, na mwenye mali ana hiari ya kumpokea amtakaye. Shule si duka. Inasajiliwa na Kamishna wa Elimu chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, inakaguliwa na wathibiti ubora wako, watoto wake wanafanya mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na kupewa vyeti vya Taifa. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inamwacha kila raia atafute elimu hadi upeo wowote kulingana na stahili na uwezo wake, na haikusema hilo linakoma kwenye geti la mtu binafsi.

Wenzetu wa India, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kusoma, walilipitia jibu hilihili mapema. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Mohini Jain, msichana kutoka Meerut aliyetaka kusomea udaktari katika chuo binafsi jimboni Karnataka. Waliokuwa kwenye nafasi za Serikali chuoni hapo walilipa rupia 2,000 kwa mwaka. Yeye aliyetoka nje ya jimbo alitakiwa alipe 60,000. Mahakama ilisema kutoza fedha ya namna hiyo kama kiingilio ni kuiuza elimu na ni kuvunja haki ya usawa, na hoja ya kwamba chuo ni cha binafsi haikukiokoa. Mwaka 2009 Bunge lao likapitisha sheria ya haki ya elimu ya msingi ambayo kifungu chake cha 13 kinakataza kiingilio cha aina hiyo, na anayekitoza anaweza kupigwa faini inayofikia mara kumi ya alichotoza. Nakiri kwamba tabia haijaisha India. Sheria zilikuwepo, orodha zikaendelea kufichwa. Tuchukue faini yao, na tuongeze mwanga ambao wao walichelewa kuuwasha.

Litatolewa jibu la pili, kwamba ni mchango wa hiari wa maendeleo. Mchango wa hiari unaweza kutolewa Juni, mtoto akiwa tayari darasani, na mtoaji akapewa risiti yenye jina lake. Unaodaiwa kati ya usaili na barua ya kukubaliwa hauna hiari. Kisingizio hiki hata Marekani kilitumika. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Boston walifichua mtandao wa William Singer, aliyekuwa akiwaingizia matajiri watoto wao kwenye vyuo vikubwa, vingi vyake vya binafsi, kwa rushwa. Sehemu kubwa ya fedha ilipita kwenye mfuko aliouita wa hisani, ikaonekana kwenye karatasi kama sadaka. Wazazi kadhaa walikwenda jela, na Singer mwenyewe alihukumiwa miaka mitatu na nusu Januari 2023. Vyuo vingi vilikuwa vya binafsi na wazazi walitoa kwa ridhaa yao. Hayo hayakuwasaidia.

Jibu la tatu, kwamba ni mfanyakazi mmoja asiye mwaminifu, shule haihusiki. Pengine ni kweli kwa shule fulani. Lakini mfanyakazi wa dirishani hana uwezo wa kutoa kitanda bwenini. Kuna anayesaini barua ya kukubaliwa, kuna anayepanga mabweni, na kuna rejesta ya darasa ambayo jina la mtoto asiyefanya usaili limeingia kwa kalamu ya mtu. Shule isiyoweza kueleza jina hilo liliingiaje inahusika.

Jibu la nne ni lile ambalo wazazi wenzangu hawatapenda niliandike: kwamba wazazi ndio wanaoanza. Ni kweli wapo. Wapo wanaofika na bahasha kabla ya kuulizwa, wanaojigamba kwenye vikao vya harusi kwamba wao "wanajua watu". Kwao naomba sheria ichukue mkondo wake bila huruma. Ila mwenye nafasi ya kuuza ndiye mwenye uwezo wa kukataa, na mzazi aliyekataa hana kinga yoyote ya kumwezesha kukataa tena mwaka ujao.

Na jibu la mwisho, leteni ushahidi. Ushahidi wa bahasha haupo, ndiyo maana inaitwa bahasha. Ushahidi uliopo ni kulinganisha majina: waliofanya usaili, alama zao, walioripoti. Huo uko kwenye makabati ya shule na ni ofisi yako tu, au TAKUKURU, inayoweza kuufungua. Msimwambie mzazi alete alichonyimwa.

Ombi langu la kwanza, na kubwa kuliko mengine yote, ni waraka wa Kamishna wa Elimu utakaoitaka kila shule binafsi inayofanya usaili itangaze idadi ya nafasi kabla ya kuuza fomu. Kisha, baada ya usaili, ibandike shuleni na iwasilishe kwa mthibiti ubora wa wilaya orodha ya alama, alama ya mwisho ya kuchukuliwa, na orodha ya akiba kwa mpangilio wake. Atakayesema majina ya watoto ni siri yao, nakubaliana naye: itumike namba ya mtahiniwa. Nafasi ikipatikana, ijazwe kwa kufuata orodha ya akiba, na kila anayeingia nje ya orodha aandikiwe sababu. Shule ina haki ya kuweka vigezo vingine, iwe ndugu wa mwanafunzi aliyepo, muumini wa dhehebu linaloimiliki au mtoto wa mfanyakazi, mradi viwe vimeandikwa kwenye fomu kabla mzazi hajalipa shilingi ya kwanza.

Naomba pia waraka huo upige marufuku malipo yoyote ya kupata nafasi kupitia namba au akaunti isiyo na jina la shule, na upige marufuku mchango wowote kutoka kwa mzazi wa mwombaji hadi mtoto atakapokuwa amemaliza muhula wa kwanza. Atakayekiuka asiishie kupewa onyo. Mfanyakazi apelekwe TAKUKURU, na shule ikirudia, usajili wake ujadiliwe.

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa TAKUKURU, ninayempa nakala: naomba msimu wa usaili uwe msimu wa kazi kwenu, kama mnavyofanya kwenye chaguzi. Chukueni shule na vyuo vichache kila mkoa, linganisheni rejesta za Januari na orodha za usaili, mtoe taarifa. Na kwa kushirikiana na Mkurugenzi wa Mashtaka, tangazeni kipindi ambacho mzazi aliyedaiwa akatoa anaweza kuja kueleza akiwa shahidi, si mshitakiwa, huku mkimhakikishia kwa maandishi kwamba mtoto wake hataondolewa shule. Mkifanya hilo moja, mtapata majina mengi kuliko mtakavyoweza kuyashughulikia kwa mwaka.

Kwa NACTVET na TCU: itangazeni orodha ya waliothibitishwa mapema, kabla ada ya muhula wa kwanza haijalipwa, ili kijana ajue nafasi yake ni halali kabla shamba halijauzwa.

Na kwa wenye shule, kupitia umoja wenu: wapo kati yenu waliojenga shule zao kwa jasho na wanaoendesha usaili safi. Nawajua wawili, na binti yangu leo anasoma kwa mmoja wao. Ninyi ndio mnaopoteza zaidi, kwa kuwa mnapimwa kwa kipimo kimoja na wanaouza. Bandikeni orodha zenu msimu huu bila kusubiri waraka.

Mheshimiwa Waziri, siku tulipoambiwa nafasi zimejaa, binti yangu aliniuliza, "Mama, kwani nilifeli?" Sikuwa na karatasi ya kumwonesha kwamba hakufeli, na shule iliyomtahini haikutaka kunipa. Kila msimu wa usaili wapo watoto wengine wa miaka kumi na mitatu wanaorudi nyumbani na swali hilo, na wazazi wao hawana la kuwajibu.

Naomba jibu lako la maandishi kabla ya usaili wa kidato cha kwanza wa mwaka ujao kuanza. Niko tayari kuitwa Dodoma au popote pengine na vielelezo vyangu: ujumbe wa simu, fomu ya shule, na nakala ya barua yangu yenye muhuri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi,
Dar es Salaam.

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, TAKUKURU
Kamishna wa Elimu
Katibu Mtendaji, TCU
Katibu Mtendaji, NACTVET